Sosi ya pilipili ya keja: Ipike kali, lakini usimchome mtu

Wewe ni yule msee anayesimama kwenye toroli ya smokie jioni, smokie inapasuliwa, kachumbari inaingia, kisha unamwambia jamaa, "Weka pilipili, usiogope." Anaweka. Unauma. Unatazama juu kana kwamba kuna mtu unamtafuta mawinguni. Machozi yanakutoka, pua inamiminika, na bado unasema, "Hebu ongeza kidogo."

Kama ni wewe, makala haya ni yako. Nitakuonyesha jinsi ya kupika sosi ya pilipili kali kabisa ndani ya keja yako, ukiwa na meko moja na blenda ya kuazima. Lakini kabla hatujafika jikoni, lazima nikuambie kuhusu chupa moja iliyolipuka. Bila stori hiyo, mapishi haya yatakuwa nusu, na nusu ndiyo iliyoniponza.

Chupa ya siku ya nne

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Sitakuchosha: karo ilikatika, nikawa naingia darasani kwa kunyemelea kama mwizi wa kuku, hadi asubuhi moja nikaona hiyo nauli afadhali ninunue unga. Nikabaki Zimmerman, kwenye bedsita ambayo ukinyoosha mkono kutoka kitandani unazima meko.

Kwetu ni Voi. Kule pilipili kichaa haisubiri kupandwa. Inaota yenyewe kando ya ua, ndege ndio wakulima. Mama alikuwa akiitwanga na chumvi na kitunguu saumu, anamimina siki hadi ifunike, anaweka kwenye chupa ya glasi juu ya kabati. Nilipokosa hela kabisa, nikaikumbuka ile chupa. Nikapika ya kwanza, nikawagawia majirani. Wakarudi na vikombe. Jamaa anayeuza smokie na mayai boilo pale stejini akaionja, akakohoa, akafuta macho, akasema, "Kaka, niletee tano kila wiki."

Tano zikawa kumi. Nikaanza kujiita mkurugenzi.

Kisha wateja wakaanza kusema sosi ni chachu mno. Mimi nani nibishane na mteja? Nikapunguza siki hadi nusu, nikajazia maji, nikaongeza embe bivu iwe tamu. Chupa za glasi nikaona ni gharama, nikakusanya za plastiki zilizokuwa na juisi, nikazisuuza na maji ya mfereji. Sosi ilitoka tamu ajabu. Kila aliyeonja alitaka nyingine.

Siku ya nne, jua la saa nane likiwaka, jamaa wa smokie akachukua chupa iliyokuwa imevimba kidogo. Akaifungua ikiwa karibu na uso. Ikalia puu! Sosi ikamrukia machoni.

Wahenga waliuliza, pilipili usiyoila yakuwashiani? Siku hiyo nilipata jibu. Jamaa hakuwa ameila, na ilimwasha hadi akapiga magoti. Nilifika nikampata ameinama, mama mboga wa pale kando anammwagia maji usoni kutoka kwa mtungi. Tukaenda naye kituo cha afya, akaoshwa macho zaidi, akaambiwa atapona. Alipona, Mungu ni mwema. Lakini alikaa nyumbani siku mbili bila kuuza chochote, na ana watoto wawili. Nilimpa shilingi 1,500, ndizo nilizokuwa nazo, nikamwahidi nitamalizia. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Kwani uliweka nini humo ndani?"

Sikuwa na jibu. Hapo ndipo paliponiuma. Nilikuwa nawauzia watu chakula ambacho mwenyewe sikujua kinafanya nini kikishafungwa kwenye chupa.

Usiku nikampigia mama. Nikamweleza yote. Akanyamaza, kisha akauliza swali moja.

"Ulipunguza siki?"

"Walisema ni chachu, mama."

"Baba, siki si ya ladha peke yake. Siki ndiyo askari wa mlangoni. Ukimfukuza askari, usishangae ukikuta wageni ndani."

Tangu siku hiyo nilianza kusoma. Si kwa mtihani, kwa sababu mtihani wenyewe nilikuwa nimeshaukosa. Nilisoma kwa sababu ya macho ya yule jamaa. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kinachowasha ni nini?

Pilipili ina kemikali inayoitwa kapsaisini. Haina ladha yoyote unayoweza kuitaja. Inachofanya ni kuidanganya mishipa ya fahamu. Kwenye ulimi, macho na ngozi yako kuna vihisi vinavyokuambia kwamba kitu ni cha moto, kama chai iliyotoka kuchemka. Kapsaisini inavibonyeza vihisi hivyohivyo. Ndiyo maana unatoka jasho: mwili unaamini kweli unaungua, unajaribu kujipoza. Mwanasayansi David Julius alitumia hiyo kapsaisini kukigundua kihisi hicho, na mwaka wa 2021 akashiriki tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kwa hivyo ukiambiwa pilipili si mambo ya maana, una jibu.

Ndege haimwashi. Kihisi chake hakiisikii kapsaisini kama chetu. Anakula, anaruka, anaangusha mbegu mbali. Sasa unaelewa nani alipanda ile ya kwetu kando ya ua.

Na hebu tuvunje uongo mmoja wa mtaani: ukali hauko kwenye mbegu. Pasua pilipili utaona utando mweupe unaoshikilia mbegu. Huo utando ndio kiwanda. Mbegu zinawasha kwa sababu zimegusana nao. Kwa hivyo ukitaka sosi kali, usiutoe. Ukitaka ya kumpikia shosho, ukwangue wote.

Ukali hupimwa kwa vipimo vya Scoville, kutoka kwa Wilbur Scoville, mfamasia wa Marekani aliyebuni njia hiyo mwaka wa 1912. Alikuwa anaiyeyusha pilipili kwenye maji ya sukari, anaongeza maji hayo hadi waonjaji waseme hawasikii tena muwasho. Siku hizi hupimwa kwa mashine, lakini jina limebaki. Hoho, ile unayoweka kwenye mchuzi, ni sufuri. Jalapeño ni kati ya 2,500 na 8,000. Pilipili kichaa yetu huanzia kama 50,000 na kupita 100,000. Habanero na jamaa zake, zile za mviringo zenye mikunjo ambazo Pwani tunaziita pilipili mbuzi, ni kati ya 100,000 na 350,000. Na kule juu kabisa kuna Pepper X, iliyoingia kitabu cha rekodi cha Guinness mwaka wa 2023 ikiwa na wastani wa milioni 2.69. Hiyo achana nayo. Wewe una kichaa na mbuzi, zinakutosha.

Na usidhani pilipili hii ni ya hapa tangu Adamu. Asili yake ni Amerika. Ilisafiri baharini na wafanyabiashara wa Ulaya, Wareno wakiwa mbele, baada ya Columbus kuvuka mwaka wa 1492. Sisi tuliipokea, tukaiita jina, tukaisahau ilikotoka. Leo ukimwambia mtu wa Mombasa ale viazi karai bila pilipili, atakuuliza umemkosea nini.

Askari wa mlangoni

Turudi kwa chupa yangu. Ililipuka kwa nini? Embe lina sukari. Chachu, vile vijidudu vinavyoumua mkate, vilikuwa kwenye maganda, hewani, na bila shaka kwenye zile chupa nilizosuuza juujuu. Vikala sukari, vikatoa gesi. Gesi haina pa kutokea. Jua la saa nane likamalizia kazi.

Lakini nilipozidi kusoma niligundua kuwa kulipuka ndiko kulikokuwa na nafuu. Chupa inayovimba inakuonya. Kuna kijidudu kingine kinachosababisha sumu ya botulizimu, ambayo inaweza kupooza mwili na hata kuua, na chakula kinaweza kuwa na sumu hiyo bila kunuka wala kubadilika sura. Kijidudu hicho hupenda mahali pasipo na hewa, penye unyevu, pasipo na asidi ya kutosha. Yaani ndani ya chupa iliyofungwa ya sosi niliyoipunguzia siki.

Asidi hupimwa kwa kipimo cha pH. Namba ikishuka, asidi imezidi. Maji safi ni 7. Kijidudu cha botulizimu hakikui chini ya 4.6. Wapishi wa sosi hawachezi karibu na mstari huo. Hulenga chini ya 4, ili hata mizani ikikosea kidogo bado uko salama. Karatasi za kupima pH huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya maabara. Unachovya, inabadilika rangi, unalinganisha na rangi za kwenye pakiti. Nunua zile zinazopima masafa mafupi, kwa mfano 3 hadi 6. Zile za 1 hadi 14 rangi zake huwa zinakaribiana mno na sosi nyekundu itakuchanganya.

Neno moja pia kwa wale wa kutia kitunguu saumu kibichi kwenye mafuta na kuacha mezani wiki nzima: acha. Mafuta huzuia hewa na hayana asidi. Hapo umemjengea huyo kijidudu nyumba na kumlipia kodi. Ukitaka ya mafuta, pika kidogo, weka kwenye friji, imalize ndani ya siku chache.

Haya, jikoni

Mahitaji ya chupa tano ndogo za mililita 150 ni haya:

Pilipili mbuzi gramu 200 na pilipili kichaa gramu 50. Karoti mbili za wastani. Kitunguu maji kimoja. Punje sita za kitunguu saumu. Kipande cha embe bivu, kama gramu 100. Siki nyeupe mililita 350, na usome lebo: iwe na asidi ya asetiki asilimia 5. Chumvi kijiko kimoja cha mezani. Sukari kijiko kimoja cha chai. Maji ya kuongeza: hakuna.

Kwanza, vaa glavu. Wewe mwanamume unayesema glavu ni za wadaktari, mimi pia nilisema hivyo, kisha nikaenda msalani. Sitaongeza neno.

Pili, chemsha chupa za glasi kwenye sufuria ya maji kwa dakika 10, na vifuniko pia. Ziache humo zikikusubiri zikiwa moto. Plastiki ya juisi itupe.

Tatu, fungua dirisha na mlango kabla ya kuwasha meko. Mvuke wa pilipili hupanda hewani na kuingia kwa majirani. Mara ya kwanza nilipika dirisha likiwa limefungwa na ghorofa nzima ikakohoa. Jirani wa mlango wa pili ana mtoto mwenye pumu. Alikuja akigonga kwa ngumi, na alikuwa na haki. Siku hizi namjulisha mapema, naye anatoka na mtoto au ananiambia, "Leo ngoja." Nangoja.

Nne, osha kila kitu, toa vikonyo, katakata. Weka karoti, kitunguu maji, saumu na pilipili kwenye sufuria pamoja na siki, chumvi na sukari. Funika. Moto wa wastani, dakika 15, hadi karoti ilainike. Usikaange pilipili kavu kwenye mafuta ya moto ndani ya bedsita isipokuwa unataka kuhama.

Tano, ongeza embe, epua, acha ipoe hadi iwe vuguvugu. Hii ni muhimu. Ukiweka kitu kinachochemka kwenye blenda na kufunga, mvuke utakirusha kifuniko na utakuwa na chupa yako ya siku ya nne mapema. Saga hadi iwe laini. Ukipenda sosi nyepesi, ichuje kwa kichungi cha chai. Mimi sichuji.

Sita, irudishe motoni, ichemke dakika 5 huku ukikoroga. Mimina ikiwa moto kwenye chupa moto, acha nafasi ya upana wa kidole juu, funga, igeuze kichwa chini kwa dakika mbili ili sosi moto ipite kwenye kifuniko.

Saba, bakisha kijiko kimoja pembeni. Kesho yake, ikiwa imepoa kabisa, pima pH. Ikiwa chini ya 4, uko sawa. Ikizidi, rudisha zote kwenye sufuria, ongeza siki, chemsha, pima tena. Usimpe mtu kabla ya hapo. Hata rafiki. Hasa rafiki.

Andika tarehe kwenye kila chupa. Iweke kwenye friji, na ikishafunguliwa itumie ndani ya miezi miwili. Huna friji? Pika nusu ya kipimo hiki, weka mahali penye baridi pasipo na jua, na umalize haraka. Chupa ikivimba, ikitoa mapovu au ikilia unapofungua, usionje kujaribu. Mwaga.

Na kama mtu atasema ni chachu? Ongeza karoti kidogo utakapopika tena, au sukari kijiko kimoja. Kuipunguza siki, sahau.

Ukishawashwa

Maji hayasaidii sana mdomoni. Kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji, yanaisambaza tu. Kunywa maziwa, mala au maziwa ya kawaida, kwa sababu protini na mafuta yake huishika na kuiondoa. Wali au mkate pia husaidia kuikwangua ulimini.

Mikononi, paka mafuta ya kupikia kwanza, sugua, kisha osha kwa sabuni ya vyombo. Rudia.

Machoni ni maji safi pekee, mengi, kwa muda mrefu. Usitie maziwa jichoni, watu hushauri hivyo na si salama. Usifikiche. Ukiona macho hayatulii, nenda hospitali, usiwe shujaa. Mama mboga alifanya jambo sahihi kabla ya mimi kujua ni lipi.

Pesa iko?

Najua ulikuwa unasubiri hapa. Mara ya mwisho nilitumia shilingi 80 kwa pilipili soko la Githurai alfajiri, karoti na kitunguu 40, saumu 20, embe 30, siki kama 60. Chupa tano za glasi kwa 35 kila moja ni 175. Jumla 405. Nikiuza kwa 150, napata 750. Inabaki 345, na bado hujatoa gesi, stima, wala saa tatu zangu. Si mamilioni. Anayekuambia utajiri uko kwenye sosi kwa wiki mbili anakuuzia kozi.

Tena kuuza dukani ni jambo lingine. Mtu anayeshughulikia chakula cha kuuza anatakiwa kupimwa afya na kupata cheti. Biashara inahitaji leseni za kaunti, na bidhaa iliyofungwa inahitaji alama ya ubora ya KEBS. Mimi sijafika huko. Cheti cha afya nimepata. Kaunti ndiyo naitafuta sasa, na hadi nimalize, sitaki kumwona mtu wa duka akipanga chupa zangu kwenye rafu. Hapo awali ningekuambia hayo ni makaratasi ya kusumbua hasla ndogo. Kisha nikamshika mtu mkono hadi kituo cha afya akiwa haoni njia. Nikabadilisha mawazo.

Deni la jamaa wa smokie nililimaliza mwezi uliofuata, kidogo kidogo. Sikumwomba anunue tena. Nilimpelekea chupa moja ya glasi, tarehe imeandikwa, karatasi ya pH nimeibandika kwa selotepu kwenye lebo ili aione rangi mwenyewe. Aliigeuza mkononi muda mrefu. Kisha akanirudishia.

"Fungua wewe."

Nikafungua, uso wangu ukiwa pale pale juu ya kifuniko. Kimya. Nikapasua yai, nikamimina, nikala yote mbele yake, machozi yakinitoka kama kawaida. Akacheka. Akachukua chupa, akaiweka kando ya chumvi.

Sasa kila Jumatatu nampelekea tatu. Na kila Jumatatu ananiambia vilevile, wateja wakisikia: "Fungua wewe kwanza." Nafungua. Na wewe ukipika yako, kabla hujampa mtu, jiulize kama ungeifungua karibu na macho yako mwenyewe.